Ndoo Moja ya Samaki wa Kasenga

Vijana wangu, nimestaafu lakini hofu yangu bado iko kazini. Asubuhi naamka, nakumbuka kwamba sina tena darasa wala maabara wala mwanafunzi anayesubiri kutetea tasnifu, na bado moyo unanienda mbio kana kwamba nimeacha jiko linawaka. Binti yangu huniambia, "Mama, upumuzike sasa." Nitapumzikaje? Miaka yote ile pale chuoni Kasapa kazi yangu ilikuwa kuogopa kwa niaba ya wengine. Sampuli zimeharibika? Hesabu ziko sawa? Huyu mtoto atamaliza kabla ya muda wake kwisha? Mazoea yana taabu, na haya yamenikaa mwilini.

Juzi mlikuja wanne nyumbani kwangu, mkakaa barazani na simu zenu, mkaniuliza kuhusu kusomea udaktari, ule wa chuo na si wa hospitali, unaounganisha jenetiki na biolojia ya mifumo. Mmoja wenu, yule mwenye shati la mistari, akaniuliza kama ni vigumu: "Mama Prof, iko nguvu?" Nikamimina chai, nikanyamaza. Mliondoka mkidhani mama mzee amechoka. Sikuchoka, nilikuwa natafuta pa kuanzia, na sasa nimepapata, kwa hiyo kaeni tena.

Jenetiki mnaijua. Ni kusoma maagizo ambayo mzazi humwachia mtoto ndani ya mwili. Biolojia ya mifumo inauliza jambo la pili: maagizo hayo yanafanyaje kazi pamoja? Jeni haifanyi kazi peke yake. Fikirini jikoni kwetu siku ya matanga: mmoja anawasha makaa, mmoja anateka maji, mmoja anachambua sombe, yale majani ya muhogo, na mama mkubwa amekaa kwenye kiti anatoa amri. Ukimwangalia mtu mmoja tu huwezi kujua chakula kitaiva saa ngapi. Kwa hiyo unahitaji mtu wa biolojia wa kukusanya na kupima, na mtu wa hesabu wa kukaa na kompyuta na kutafuta nani anamwamuru nani. Mwanafunzi anakaa katikati ya idara mbili. Na idara mbili ni familia mbili zilizoozeshana watoto: zinasalimiana vizuri sana, na kila moja inahesabu mwenzake amekula vipande vingapi vya nyama.

Mtu wangu wa hesabu alikuwa Kalenga. Ni profesa mrefu, mpole, anayeandika kwa chaki mpaka mikono ya koti lake inageuka nyeupe. Mwaka wa kwanza tulikaribia kuvunja urafiki. Mimi nilisema "ini la samaki", yeye akasema "point". Mimi nilisema "samaki ishirini", yeye akacheka kwa huruma. "Mama Ngalula," akaniambia, "unipatie points elfu moja. Na ishirini, le modèle haitaona kitu."

Nikamwambia kila point yake lazima mtu aivue, aiue, aipasue, kisha aoshe kisu. Hakuelewa. Basi nikamchukua siku moja tukaenda kupasua samaki kwenye bwawa la kufugia, nje kidogo ya mji. Alipasua mmoja. Kwa yule wa pili alikwenda nyuma ya mti, akarudi anajifuta mdomo kwa leso. Tangu siku ile hakunitajia tena elfu moja, na mimi nilijilazimisha kukaa mbele ya ubao wake hadi nikajua anachokiogopa yeye. Fanyeni hivyo hivyo. Mpelekeni msimamizi wa pili mahali ambapo takwimu zenu zinazaliwa, hata mara moja tu, na ninyi mkae kwake hadi muweze kugombana naye kwa lugha yake.

Na mengine madogo, kabla sijasahau. Andikeni lebo kwa penseli, kwa sababu pombe ya kuhifadhia hufuta wino wa kalamu, na utabaki na vichupa mia vyeupe visivyo na mama wala baba. Msiweke kasha la barafu kwenye buti ya gari pamoja na makaa. Kuleni kabla ya kupasua, msile katikati. Kompyuta ikikupa jibu haraka sana, ujue haikuelewa swali.

Aliyenifundisha mimi alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi na mahindi, katika kishamba nyuma ya jengo la kitivo. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na kofia, daftari la miraba na tabia ya kuguna. Mwaka mmoja mahindi yangu yalitoa punje nyekundu za ajabu, kwenye mstari nisioutarajia kabisa. Nilikimbia kumwita, nikidhani nimegundua jambo. Aliyaangalia, akaguna, akaniambia, "Binti, kitu kikikufurahisha hivi, kwanza unywe maji." Kisha akanishika mkono hadi kwenye ukuta, akanionyesha ng'ambo: jirani alikuwa amepanda mahindi mekundu ya kuchoma. Upepo ulikuwa umefanya kazi yake bila kuniuliza. Nililia kwa aibu, naye akanipa punje zile nikale.

Sasa nije kwa Delphine, kwa sababu ndiye niliyekuwa namtafuta tangu mwanzo.

Delphine alikuwa asistenti wetu, yaani mhadhiri msaidizi, mtoto wa watu wa Luapula, mfupi, mwenye sauti ndogo na kichwa kigumu. Alipokuja kwangu na swali lake nilisimama. Alitaka kujua mwili wa mpale, yule samaki wa jamii ya sato mnayemjua akijaza sahani, unafanya nini unapokutana na shaba nyingi ndani ya maji. Angelinganisha mpale wa mto unaopita chini ya migodi, karibu na mji, na mpale wa Kasenga, kwenye Mto Luapula, ambako maji ni safi zaidi. Angesoma katika ini jeni zipi zimewaka na zipi zimezimika, kisha Kalenga angemsaidia kuchora nani anamwasha nani. Swali zuri. Ndilo lililoanza kunikosesha usingizi.

Ini lina tabia moja mnayopaswa kuijua. Ukimtoa samaki majini, saa ya ini haisimami. Jeni zinaendelea kuwaka na kuzimika kwa ajili ya joto, kukosa hewa na kufa. Ukichelewa kupasua, unasoma habari za kifo chake na kudhani ni habari za maisha yake. Kwa hiyo tulikubaliana: samaki anunuliwe akiwa hai, palepale kwenye pirogi, mtumbwi wa mvuvi, auawe mara moja, aingie kwenye ndoo ya barafu, apasuliwe kwenye nyumba iliyo karibu na bandari. Delphine alifuata yote hayo. Alikuwa mtu wa kufuata.

Na huko Kasenga alikuwa na bahati. Mdogo wa mama yake, Mama Chibwe, alikuwa mwuza samaki pale ukingoni. Ndiye aliyemlea baada ya mama mzazi kufariki. Pirogi zikifika, Mama Chibwe ndiye aliyezungumza na wavuvi, ndiye aliyechagua samaki wanaorukaruka, na nyumba ya kupasulia ilikuwa yake. Delphine alikwenda huko misimu miwili, akarudi kila mara na kasha limejaa.

Ndipo yakaja matokeo. Kalenga alinipigia simu sauti yake ikiwa juu, na Kalenga hapandishi sauti. Nikaenda. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mviringo wa jeni, zimeshikana mikono kama watoto wanaocheza, zote zimewaka. Na hazikuwaka kwa samaki wa chini ya migodi. Ziliwaka kwa baadhi ya samaki wa Kasenga, wale wa maji safi! Ilionekana kana kwamba wachache kati yao walikuwa wamejiandaa kwa sumu ambayo hawajawahi kukutana nayo. Sura nzima ya tasnifu ikajengwa juu ya mviringo ule. Mtahini mmoja wa chuo cha mbali, bwana mwenye miwani mizito, alisoma rasimu akatuma ujumbe kwamba hiyo ndiyo sura bora aliyoisoma kwa muda mrefu. Delphine alianza kutembea huku anacheka peke yake.

Mimi nilikunywa maji. Nikanywa tena. Hofu haikutoka.

Lazima muelewe kilichokuwa hatarini. Muda wa Delphine kuwa asistenti ulikuwa unakwisha mwaka ule. Asipotetea tasnifu kabla ya mwaka wa masomo kufungwa, alikuwa anapoteza nafasi yake chuoni, na hapakuwa na nafasi nyingine ya kumngojea. Siku ya kutetea ilishatajwa. Mama Chibwe alikuwa ameshashona nguo. Kwa hiyo hofu yangu niliimeza, nikajiambia ni uzee, kila msimamizi ana yake.

Jumamosi moja nilikwenda sokoni Katuba kununua nyanya. Mwuzaji tunafahamiana kwa miaka. Alinipimia fungu, nyanya ngumu, nyekundu, za asubuhi ile. Nilipokwisha kulipa akainama chini ya meza, akachota nyingine kwenye beseni tofauti, akazitupa kwenye mfuko wangu juu ya zile nilizonunua. "Matabishi, Mama," akasema. Nyanya za jana.

Mnajua matabishi, hakuna wa hapa asiyejua. Ni nyongeza ya mapenzi. Umenunua, mwuzaji anakuongezea kidogo ili urudi kesho. Asiyetoa anaitwa mchoyo, na anayekataa kupokea anaonekana mwenye majivuno, hata nyongeza yenyewe iwe inaelekea kuoza. Nilisimama pale na mfuko wangu, watu wananipita, mmoja akanisukuma kwa gunia la mkaa nisisikie. Nilikuwa naona ndoo. Ni shangazi gani, ni mama mdogo gani wa Kasenga angemwacha mtoto aliyemlea aondoke na samaki bila nyongeza?

Nilimpigia simu palepale, kati ya nyanya na vitunguu.

"Delphine, ku Kasenga, Mama Mudogo alikuwa anakupatia matabishi?"

Nikasikia redio ya jirani yake.

"Mama Prof... kila mara."

"Anaitosha wapi? Anaitoa mu nini?"

"Mu kitunga yake. Ile kikapu ya kuuzisha."

"Na weye uliiweka wapi?"

"Mu ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ndoo iko moja tu, Mama."

Sikumkaripia. Ningemkaripia kwa lipi? Mtoto aliyefunzwa adabu nyumbani anapokea anachopewa kwa mikono miwili, anasema asante. Kwenye maelekezo yetu tuliandika kila kitu kuhusu barafu, kisu na penseli. Hakuna kitabu cha mbinu, cha Kifaransa wala cha lugha nyingine, kinachosema: jihadhari na mama mdogo wako. Samaki wa kitunga walikuwa wamevuliwa alfajiri, wakakaa juani na kufa polepole huku wenzao wakiwa bado hai kwenye pirogi. Wakishaingia kwenye barafu pamoja na wale waliouawa palepale, wote wana sura moja.

Jumatatu tulikaa watatu katika ofisi ya Kalenga. Aliposikia alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mama Ngalula, tomate haiko preuve," akasema, akimaanisha nyanya si ushahidi.

"Najua."

"Inawezekana matabishi iliingia, mais ule mviringo, le cercle, ni ya kweli."

"Inawezekana."

Akatazama dirishani. Kisha akasema polepole, bila kututazama, "Na kama hatusemi, ni nani atajua?" Nawaambia ukweli, vijana: wala sikukasirika. Swali hilo lilikuwa limelala kitandani kwangu tangu Jumamosi. Niliogopa Delphine angesema tunyamaze, na niliogopa zaidi kwamba angesema tuseme, kwa sababu nilijua hesabu ya miezi iliyobaki.

Delphine alikuwa amekaa na mikono katikati ya magoti. Akasema, "Prof, kuko muntu ataisoma. Atakwenda kutafuta ile cercle mu samaki yake. Ataitafuta miaka, kama vile miye. Na pengine haiko."

Kalenga akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesema neno zuri la kukumbukwa. Tulianza kuhesabu barafu ya safari nyingine.

Safari hii nilikwenda naye. Ilikuwa msimu wa mvua, na barabara ya Kasenga wakati wa mvua nisiieleze, wenye mgongo wanaikumbuka. Mpango ulikuwa rahisi: samaki hai wapasuliwe mara moja, na wengine waachwe kwenye kitunga juani kama kawaida ya sokoni, kisha wapasuliwe. Kama mviringo utawaka kwa hawa wa kitunga, tumepata jibu. Njiani Delphine aliniomba jambo moja tu. Mama Mudogo asiambiwe.

Mama Chibwe alinipokea kama ndugu. Ni mwanamke mpana, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, na miguu iliyopasuka kwa maji ya mto. Pirogi zilipofika alichagua samaki, akabishana na mvuvi, akamtukana kidogo kwa mapenzi, akatujazia ndoo. Kisha, mbele ya macho yangu, akageukia kitunga chake, akatoa mpale wawili wanene, akawarusha. "Matabishi ya mutoto wangu!"

Delphine aliwadaka hewani. Akageuka, akawaweka kwenye ndoo nyingine.

Mama Chibwe akaacha kucheka. "Ju ya nini unabaweka kando? Beko babaya?"

"Hapana, Mama. Bale beko ba kukula."

Akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Nikajishughulisha na mfuniko wa kasha. Samaki wale tuliwala kwa bukari, ugali wetu, jioni ileile, mchuzi wa nyanya, pilipili kando. Walikuwa watamu sana.

Majibu yalirudi. Samaki waliokaa kwenye kitunga waliwaka mviringo wote, jeni kwa jeni. Kwa wale wa kupasuliwa mara moja haukuwaka hata kwa mmoja. Tulichokuwa tumekivumbua kwa misimu miwili kilikuwa samaki wanaokufa kwenye jua la Kasenga. Delphine aliifuta sura ile mwenyewe. Nilimwona akibonyeza, ukurasa baada ya ukurasa, na alipomaliza akaniuliza kama kuna chai. Kilichobaki kilikuwa kidogo: jeni chache, kwa samaki wa chini ya migodi, zilizobadilika kwa namna inayoaminika. Chache, zisizong'aa. Je, jopo lingekubali kumpa mtu udaktari kwa hicho? Sikujua. Kalenga hakujua. Tukampelekea yule mtahini wa miwani rasimu mpya, na safari hii hakutuma ujumbe wowote.

Kabla ya siku ya kutetea, kustaafu kwangu kukatimia, na Kalenga akakaa mezani kama msimamizi. Mimi nikawa mtazamaji tu. Hamjui ilivyo: kukaa kwenye benchi la nyuma, umefunga mdomo, huku mtoto wako anasimama mbele na wewe ndiye unayejua pale anapoweza kuanguka. Mama Chibwe alikaa kando yangu. Alikuwa amevaa nguo ile mpya, ya kijani na ndege, na magotini alishika mfuko wa poda ya kumpaka daktari mpya, kama tufanyavyo hapa kwetu.

Delphine alizungumza vizuri, kwa sauti yake ndogo. Kisha ikafika zamu ya mtahini wa miwani. Alifungua rasimu mbili, ya zamani na mpya, akaziweka sambamba. Akauliza kwa Kifaransa cha taratibu sana, ile sura bora imekwenda wapi.

Delphine akaeleza. Akasema kulikuwa na samaki wengine walioingia kwenye ndoo, waliokufa mapema, ambao hawakupaswa kuwemo. Akaulizwa ni nani aliyewaweka.

"Ni mimi," akasema. "Nilibaweka na mikono yangu." Alisema kwa Kiswahili, sijui kwa nini, kisha akarudia kwa Kifaransa.

Kifaransa cha mkutano mzima kilikuwa kinampita Mama Chibwe pembeni, lakini sentensi ile moja ilimfikia. Akaniinamia. "Mama Prof, anasema nini? Aliweka nini?"

Ningeweza kumwambia kitu kingine chochote. Ningesema mambo ya kisomo, Mama, usijali. Lakini mbele yetu yule mtoto alikuwa ametoka kusema ukweli uliompunguza, na mimi nilikuwa na haki gani ya kumdanganya aliyemlea?

"Anasema samaki," nikamnong'oneza. "Mu bale ba kazi kuliingia bengine benye balikaa mu kitunga tangu asubui. Njo balimuharibia."

Vidole vyake vikaanza kukunjakunja mdomo wa mfuko.

"Ba matabishi."

"Ndiyo, Mama."

"Na anasema ni yeye alibaweka."

"Ndiyo."

Hakulia. Alimtazama Delphine kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyekua siku moja bila kumwambia. Kule mbele mtahini alikuwa anauliza swali la pili juu ya jambo lilelile, na la tatu. Mama Chibwe akanishika goti kwa nguvu.

"Ule papa wa miwani anamutafuta nini tena? Mutoto si amekwisha kusema?"

Jopo likatoka kwenda kushauriana. Wengine walisimama, wakapiga picha, wakacheka. Sisi wawili hatukusimama. Nilianza kuhesabu sababu za kumkataa, nikapata nyingi. Nikahesabu sababu za kumkubali, nikapata moja, na sikujua kama yule bwana alikuwa anaipima. Mama Chibwe alikuwa amefunga macho. "Bakimukatala," akasema, "ni ju yangu." Nilitaka kumjibu jambo la hekima, kwani watu hutegemea profesa awe nalo. Nikasema tu, "Hapana, Mama. Hapana."

Walichelewa. Mlango ulipofunguliwa nilitafuta uso wa Kalenga, lakini alikuwa ameangalia chini ili asikanyage joho la mwenzake. Mwenyekiti akasoma maneno marefu ya Kifaransa, yale yanayoanza na sheria na kupita kwenye kila idara kabla ya kufika kwa mtu. Nilisikiliza kila neno na sikuweza kushika hata moja. Kisha mwenyekiti akanyamaza, Delphine akaweka mikono usoni, na watu wakaanza kupiga kelele.

Mama Chibwe alikuwa bado ameketi, amenikazia macho, mfuko haujafunguliwa.

"Bamemupatia?"

Nilimwinamia sikioni.

"Bamemupatia, Mama."

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kuliko vyangu, na vyangu nilikuwa sivisikii tangu asubuhi.